Katuni kwenye Barabara Kuu: kutoka Mbeya hadi Iringa

Barabara kuu iendayo Zambia, ambayo wengi huiita TANZAM, huunganisha Mbeya na Iringa kwa mwendo wa zaidi ya kilometa 300, na katika mwendo huo msafiri anayefuatilia sanaa ya katuni hukutana na karibu kila kitu ambacho sanaa hiyo inakihitaji ili iishi: misitu ya miti ya karatasi, kiwanda cha kuisindika, vyuo vikuu vilivyojaa wasomaji vijana, mabasi yanayobeba mizigo kutoka mji hadi mji, na historia ambayo ingeweza kujaza maelfu ya fremu. Kinachoadimika ni kitabu cha katuni kilichotungwa, kuchorwa na kuchapishwa humo humo. Upungufu huo hauwezi kuelezwa kwa kukosekana vipaji, na makala haya yanashikilia kwamba chanzo chake ni maswali matatu ya kazi ambayo wachora katuni wa Tanzania hawajapata kuyamaliza, yaani nani anammiliki mhusika, nani analipia karatasi, na nani anakifikisha kitabu kwa msomaji.

Yafaa kwanza istilahi chache ziwekwe wazi. Katuni ya gazeti ni mchoro mmoja unaosema neno juu ya jambo la siku, na umri wake kwa kawaida haupiti umri wa habari iliyouzaa. Mkanda wa katuni ni mfululizo mfupi wa fremu, yaani visanduku vya picha, ambamo mhusika yule yule hurudi toleo baada ya toleo hadi wasomaji wakamzoea kama jirani. Kitabu cha katuni ni hadithi ndefu inayokwenda kwa fremu hizo hizo na kwa viputo, ambavyo ni mapovu yanayobeba maneno ya wahusika, na ndicho kinachompa mchoraji nafasi ya kujenga mahali, hali ya hewa, kimya na mwendo wa muda. Uchapishaji huru, kwa maana inayotumika hapa, ni ule ambao mtunzi mwenyewe hugharimia uchapaji, hubaki na haki zote za kazi yake na hubeba hasara ikiwa nakala zitamdodea.

Jiji la Mbeya, lililo chini ya mlima Loleza kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, limejaa kazi za mikono ya wachoraji ambao hakuna anayewaita wasanii. Kuta za saluni za Mwanjelwa na Kabwe zina vichwa vilivyonyolewa kwa mitindo mbalimbali, vibanda vya chipsi vina kuku wenye tabasamu, na kuta za shule za msingi zina ramani ya Afrika na mchoro wa mmeng'enyo wa chakula. Mchora vibao hujifunza mambo ambayo kitabu cha katuni hakiwezi kufanikiwa bila hayo: herufi inayosomeka kutoka ng'ambo ya barabara, sura inayotambulika kwa mistari michache, na nidhamu ya kumaliza kazi kabla mteja hajarudi jioni. Malipo ya kibao hupatikana siku ile ile, na kwa sababu hiyo mchoraji mwenye familia anayeacha vibao kwa miezi sita ili achore hadithi ya kurasa sitini anafanya uamuzi mzito ambao wasomaji hawauoni.

Njia nyepesi kuliko zote za kuanza kuchapisha hupita kwenye steshenari, yaani yale maduka ya fotokopi yaliyojipanga karibu na vyuo na ofisi za Serikali, na inastahili kutazamwa kwa karibu. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne za ukubwa wa A5, kwa hiyo kijitabu cha kurasa 16 huhitaji karatasi nne zilizopigwa pande zote mbili, na rimu moja yenye karatasi 500 hutoa nakala 125. Kurasa hazipangwi kwa kufuatana: ukurasa wa 1 hukaa ubavuni mwa wa 16, wa 2 ubavuni mwa wa 15, wa 3 ubavuni mwa wa 14, na hivyo hivyo hadi katikati, ambapo wa 8 na wa 9 hukutana, na kila jozi ikijumlishwa huleta 17. Mchoraji anayekosea hesabu hiyo hugundua kosa lake baada ya pini kupigwa na rimu kuisha. Mashine ya fotokopi nayo ina matakwa yake, kwa kuwa kivuli cha kijivu kilicholainishwa kwa penseli hutoka kama doa, na eneo kubwa jeusi hutoka na michirizi, hivyo mchoraji mzoefu hutengeneza vivuli kwa mistari myembamba inayopishana na kuacha weupe wa karatasi ufanye kazi yake. Mtindo mzima wa uchoraji unaweza kuzaliwa kutokana na tabia za mashine moja ya mtaani, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Wachora katuni wanapozungumzia kazi yao, mazungumzo hayachukui muda kufika Dar es Salaam, kwa sababu historia ya fani hii nchini ni kwa sehemu kubwa historia ya magazeti ya jiji hilo. Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na mhusika huyo akawa mmoja wa wanaojulikana zaidi katika katuni za Kiswahili baada ya uhuru. Kenya nayo ilikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyedumu kwa miongo mingi na kusomwa katika Taifa Leo. Jarida la Sani, ambalo jina lake limetokana na waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, lilifungua ukurasa mwingine, kwani humo ndimo Philip Ndunguru alimowapa uhai Komredi Kipepe, Lodi Lofa na Ndumilakuwili, watu wa mjini wenye tamaa, ujanja na mikosi ambayo kila msomaji aliwahi kuiona mtaani kwake. Ndunguru alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, na wahusika wa Sani waliendelea kuchorwa kwa mikono mingine kwa miaka mingi. Jambo hilo liliwafurahisha wasomaji, lakini kwa anayetafakari kazi ya mtunzi linabaki kuwa somo zito: mhusika anaweza kuishi muda mrefu kuliko aliyemuumba, na swali la nani anafaidika na maisha hayo hujibiwa na makubaliano yaliyofanywa, au yasiyofanywa, siku ya kwanza ya kazi.

Tatizo hilo si la Tanzania pekee. Mwaka 1938 vijana wawili wa Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zote za Superman kwa dola 130, na hadi mwaka 1992, wachoraji saba mashuhuri walipozikimbia kampuni kubwa na kuanzisha Image Comics ili kila mmoja amiliki alichokibuni, ugomvi wa umiliki ulikuwa haujapoa. Tanzania hulinda kazi hizi kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo humpa mtunzi ulinzi katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake, na ulinzi huo huanza kazi inapokamilika, bila kungoja usajili. Hata hivyo sheria haiwezi kumrudishia mtu alichokisaini mwenyewe, na wachoraji wengi wanaolipwa kwa kila mchoro hawasaini chochote kabisa, wakabaki na kumbukumbu ya ahadi ya mdomo.

Walioweza kumshikilia mhusika wao wameonyesha tofauti inayopatikana. James Gayo alimtoa Kingo magazetini na kumpa jarida lenye jina lake. Ali Masoud alishikamana na Kipanya kiasi kwamba jina la panya huyo limekuwa jina la mtu, na watu wengi wanaomsikia redioni au waliomwona mwaka 2022 akizindua gari la umeme humwita Masoud Kipanya bila kufikiri mara mbili. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, alihamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuwa mchora katuni wa kisiasa anayejulikana zaidi katika Afrika Mashariki, na mara nyingi hukumbukwa kwa magazeti, lakini katika suala la vitabu inafaa akumbukwe zaidi kwa Abunuwasi, kitabu chake cha katuni cha Kiswahili kilichotolewa na Sasa Sema, nyumba ndogo ya uchapishaji iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1996 kwa ajili ya katuni. Sasa Sema ilithibitisha kwamba hekaya za Waswahili zinaweza kuuzwa kama vitabu vya katuni vyenye jalada, jina la mtunzi na bei yake, kisha ikaishia mikononi mwa Longhorn, ambayo nguvu yake iko katika vitabu vya shule. Mwisho huo unaeleza mengi kuhusu soko: katika Afrika Mashariki kitabu kisichoingia shuleni huhesabiwa kuwa anasa.

Kutoka Mbeya basi hupita Uyole, palipo karibu na uwanja wa John Mwakangale ambamo maonyesho ya Nane Nane ya kanda hufanyika kila Agosti, kisha huteremka hadi uwanda wa Usangu, penye mashamba ya mpunga ya Igurusi na Chimala na joto ambalo aliyetoka Mbeya na koti hulihisi mara moja. Barabara hupanda tena hadi Makambako, mji ambao reli ya TAZARA na barabara kuu hukutana na njia ya Njombe na Songea huanzia. Katika suala la usambazaji Makambako ni mahali muhimu kuliko unavyodhaniwa. Gazeti la asubuhi la Dar es Salaam hufika nyanda hizi siku ikiwa imesonga, na jarida la katuni linalofuata njia hiyo hiyo hupitia kwa wakala mkuu, wakala wa mkoa na muuza magazeti, kila mmoja akikata chake, kisha nakala zisizouzwa hurudishwa au hupotelea njiani. Mtunzi anayejichapishia ana njia nyingine, nayo ni kifurushi kinachokabidhiwa kondakta wa basi, namba ya simu ikiandikwa juu yake kwa kalamu nene, na malipo yakitumwa kwa simu mzigo unapopokelewa. Kabla M-Pesa haijaingia Tanzania mwaka 2008, kukusanya fedha za nakala kumi zilizouzwa Songea kungeweza kugharimu zaidi ya thamani ya nakala zenyewe, na hivyo inaweza kusemwa kwa haki kwamba huduma za fedha kwa simu zimeufaa uchapishaji mdogo kuliko mradi wowote wa kuendeleza vitabu.

Baada ya Makambako misonobari huanza kutawala pande zote mbili za barabara. Shamba la Miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali nchini, na lilipandwa kwa matumaini ambayo sehemu yake ilihusu karatasi. Kiwanda cha Mgololo, kilichoanza kazi katikati ya miaka ya 1980 kwa jina la Southern Paper Mills, kilikusudiwa kuipunguzia nchi utegemezi wa karatasi za nje, zikiwamo za kuandikia na za kuchapia. Kiliyumba kama viwanda vingi vya umma vya wakati ule, kikasimama, na mwaka 2004 kikaingia mikononi mwa wawekezaji binafsi, na sasa, kikiitwa Mufindi Paper Mills, kinajulikana zaidi kwa karatasi nzito za kahawia zinazotengeneza mifuko na maboksi. Mchoraji wa Mafinga anayetoka dukani na rimu ya karatasi nyeupe kwa kawaida amebeba bidhaa iliyovuka bahari, na njiani kurudi nyumbani hupishana na malori ya magogo yaliyovunwa wilayani kwake. Hali hiyo inasikitisha, na haina budi kusemwa waziwazi, kwa sababu bei ya karatasi ndiyo inayoamua idadi ya kurasa, na idadi ya kurasa ndiyo inayoamua kama hadithi itapumua au itabanwa hadi ipoteze maana.

Kuna karatasi nyingine ambazo mchoraji hazilipii, nazo ni za miradi. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI na malaria wa mwaka 2011 hadi 2012 ulionyesha maambukizi ya VVU ya asilimia 14.8 Njombe, 9.1 Iringa na 9.0 Mbeya, viwango vilivyokuwa vya juu kuliko vya mikoa mingine, na kwa muda mrefu kanda hii imekuwa ikilengwa na kampeni za afya zinazotumia vipeperushi, mabango na vijitabu vya picha. Kazi hizo zimewalisha wachoraji na kuwafunza kuheshimu tarehe ya kukabidhi kazi. Hata hivyo mwenye mradi huja na ujumbe wake umekamilika, na mhusika anayebuniwa kwa ajili ya kuutamka ujumbe huo hana ruhusa ya kukosea, kutamani au kubadili nia, mambo ambayo ndiyo uhai wa hadithi. Shujaaz, iliyoanza Kenya mwaka 2010 na kuingia Tanzania mwaka 2015, ilijitahidi kuvuka mpaka huo kwa kuwapa vijana wahusika wenye maisha yao, wakiongozwa na kijana anayerusha matangazo ya redio, na ubora wake unakubalika. Hata hivyo, kwa kuwa iligawiwa bure kwa fedha za wafadhili, kila mtunzi wa mkoani anayekuja baada yake na kijitabu cha bei hukutana na msomaji aliyezoea kupewa.

Mfano mwingine wa miradi umeacha kitu cha kudumu zaidi. Mfini Leif Packalén na shirika la World Comics Finland waliendesha nchini Tanzania warsha za katuni za wananchi, ambazo ni hadithi za fremu nne zinazochorwa na watu wasio wasanii kwenye karatasi mbili za A4 zilizounganishwa, kisha hutolewa fotokopi na kubandikwa ofisi ya kijiji, zahanati au dukani. Kinachovutia katika utaratibu huo ni kwamba hauhitaji mhariri wa jijini: anayeijua kero ndiye anayeichora, na wanaosoma wanaijua pia, hivyo uongo hauna mahali pa kujificha. Mtunzi wa vitabu vya katuni anayetaka kujipima kabla ya kununua rimu ya kwanza hana jaribio lililo bora kuliko hilo.

Iringa hufikiwa kwa kuiacha barabara kuu Ipogolo na kupanda hadi juu ya kilima ambako mji umekaa, ukiutazama Mto Ruaha Mdogo. Mji una vyuo vikuu kadhaa, kikiwamo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, na kwa hiyo una wasomaji wa rika ambalo kokote duniani ndilo linaloibeba sanaa ya katuni. Una pia Neema Crafts, karakana ya Dayosisi ya Anglikana ya Ruaha iliyoanza mwaka 2003 na vijana viziwi waliojifunza kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, ambacho hujaa nyuzi za mimea zisizomeng'enywa. Kinyesi huchemshwa na kuoshwa, nyuzi husagwa na kuwa rojo, rojo hutandazwa kwenye chekeche la fremu na kuachwa likauke. Karatasi inayopatikana ni nene, ina mikwaruzo na rangi ya nyasi kavu, na haiwezi kupita kwenye mashine ya steshenari, lakini jalada la kitabu cha katuni lililotengenezwa kwayo lingekuwa na haki ya kujiita la Iringa kuanzia kwenye nyuzi zake. Toleo dogo la namna hiyo, lenye namba na saini ya mtunzi, linaweza kuuzwa kwa bei ya juu kwa watalii waendao Hifadhi ya Ruaha, na faida yake kulipia nakala za kawaida za wanafunzi.

Sheria pia humsukuma mtunzi kuelekea kitabu. Chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 chapisho linalotoka mfululizo kama gazeti au jarida huhitaji leseni, ilhali kitabu huombewa namba ya ISBN kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kwa mtu mmoja anayefanya kazi sebuleni kwake, hadithi iliyogawanywa katika vitabu vinavyojitegemea ni mzigo mwepesi zaidi kuliko jarida la kila mwezi, na humwondolea ile hofu ya tarehe ambayo imeua majarida mengi ya katuni baada ya matoleo machache.

Hadithi ya kuanzia ipo tayari. Karibu na mji wa Iringa, kwenye miamba ya Igeleke, kuna michoro ya kale ya rangi nyekundu yenye watu na wanyama, na anayeitazama kwa jicho la mchora katuni huona kwamba wachoraji wale walishajua namna ya kutoa mwendo kwa mguu uliorefushwa. Makumbusho ya Boma, yaliyo katika jengo la enzi ya Wajerumani, na yale ya Kalenga, yanayohifadhi fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, yana vifaa na maelezo ambayo mchoraji mwaminifu angehitaji wiki kadhaa kuyanakili katika daftari lake. Historia yenyewe imekwisha kujigawa katika vitabu: tarehe 17 Agosti 1891 huko Lugalo, ambapo Wahehe waliuvamia msafara wa kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski na kumuua, Oktoba 1894, ngome ya Kalenga ilipopigwa mizinga na kuangushwa, miaka ya vita vya msituni hadi Julai 1898, Mkwawa alipojiua ili asikamatwe, mwaka 1919, fuvu lake lilipotajwa katika Mkataba wa Versailles, na tarehe 19 Juni 1954, Gavana Edward Twining alipolikabidhi kwa Wahehe Kalenga. Katuni moja ya gazeti haiwezi kuubeba urefu huo, na hakuna mfadhili anayeweza kuufupisha uwe kauli mbiu ya afya.

Vitabu vitano vya kurasa 32 kila kimoja, vilivyochorwa kwa mistari myeusi inayovumilia fotokopi, vingehitaji karatasi nane kwa nakala, kwa hiyo rimu 16 zingetosha kuchapa nakala 1,000 za kitabu cha kwanza bila jalada. Nakala hizo zingeweza kuwekwa mlangoni mwa makumbusho hayo mawili, kwenye steshenari za vyuoni, na kwenye stendi ya mabasi ya Igumbilo, ambako abiria waendao Mbeya hungoja, na mapato yake yangeamua kama kitabu cha pili, cha kuanguka kwa Kalenga, kitachapwa mwaka huo huo au mwaka unaofuata.